Boksi la Kuku Mwekundu

Mama alishangaa kitu kimoja tu kuhusu kompyuta yangu. "Umenunua kwa mtu ambaye hata shikamoo hujampa?"

Nilimweleza kwamba siku hizi ndivyo ilivyo, unachagua kwenye simu, mwenye duka yuko Dar, na mzigo unapanda basi. Akacheka akaendelea kupepeta mtama wake. Nilikuwa nimeishia kidato cha nne, na kwa miaka miwili nilikuwa na ndoto moja: chumba kidogo hapo Iguguno, kando ya barabara ya mabasi, niwe nawachapia watu barua na maombi ya kazi, na mchana wateja wakipungua nichape hadithi zangu zilizojaa kwenye madaftari. Chumba nilikuwa nimeshakipaka hadi rangi.

Kompyuta ilifika Jumatatu. Niliitoa kwenye boksi kama mtu anayetoa mtoto mchanga kwenye nguo, na boksi nikaliacha ukumbini. Jioni sikulikuta, wala sikuuliza. Nilikuwa na furaha nyingi mno, sikuwa na muda wa kuulizia maboksi.

Alhamisi kioo kikaanza kuingia giza upande wa kushoto. Ijumaa asubuhi giza lilikuwa limefika katikati. Nikapiga simu dukani.

"Usijali dada, tunabadilisha," alisema kijana wa duka. "Una siku saba tangu uipokee. Irudi na chaja, na boksi lake lenye namba. Bila boksi bosi hapokei."

Nikatoka kulitafuta boksi. Lilikuwa kwenye kona ya jiko, limejazwa majani makavu, na juu yake amekaa yule kuku mwekundu wa mama, macho makali, ameatamia mayai kumi na moja.

Huyo kuku namjua. Mwaka uliotangulia watoto wa jirani walimsogeza kidogo tu, akayasusa mayai yote yakaharibika. Mama alihuzunika wiki nzima. Kwa hiyo nilisimama pale bila kumgusa. Basi la kwenda Dar lilikuwa linapita kesho yake saa nne, nalo nikilikosa siku saba zinapita na chumba changu kinabaki na rangi tu.

Mama alinikuta hapo. "Kompyuta ni mbovu?"

"Mbovu, mama."

"Na wanataka boksi?"

Akanitazama, akamtazama kuku, akaenda kuchukua beseni langu la kufulia.

Ilikuwa wakati wa palizi ya alizeti, na mama si mtu wa kukosa shamba. Siku ile jembe halikutoka. Alimfunika kuku kwa kanga, akayahamisha mayai mojamoja kwenye beseni pamoja na majani yaleyale, kisha akamweka kuku juu na kukaa naye chini sakafuni. Akamsemesha Kinyiramba, polepole. Mama huongea Kinyiramba na anaowapenda. Kiswahili hutuongelesha sisi tukiwa tumemkosea. Kuku akasimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nilikuwa nje nasugua boksi kwa kitambaa chenye maji, naizunguka ile karatasi ya namba kwa woga isichanike.

Kesho yake konda alilipokea, akalinusa. "Hii nini?"

"Kompyuta, kaka."

"Ya kienyeji?"

Abiria wa dirishani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Jumapili mchana simu ikalia. "Dada, mzigo umefika. Lakini humu ndani tumekuta unyoya. Sasa hii kompyuta ilikaa wapi?"

Nilianza kutunga uongo kuhusu basi, kwamba labda huko kwenye buti palikuwa na matenga ya kuku. Mama akaninyang'anya simu.

"Hujambo mwanangu? Mimi mama yake."

Nikasikia sauti ya kijana ikibadilika. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwenu hawajambo? Mama yako mzima?" Akasubiri ajibiwe yote. "Huo unyoya ni wa kuku wangu. Kompyuta haikukaa na kuku. Boksi ndilo nililitwaa mimi, mtoto hana kosa. Kuku alikuwa ameatamia humo, nikamhamisha ili wewe upate boksi lako."

Nikajua kompyuta nimeikosa.

"Na mayai, mama?" kijana akauliza.

"Tangu jana jioni hajanyanyuka."

"Basi mama, namba inasomeka. Tunatuma nyingine."

Ikaja Jumatano. Safari hii boksi nililiweka juu ya kabati, na mama hakuligusa. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu akachungulia kioo. "Haijafumba jicho?" "Bado, mama." Mimi nachapa, yeye anaenda shamba.

Vifaranga tisa vilitoka kwenye beseni langu, na nguo nikawa nafua kwenye ndoo. Lakini kabla ya hapo, siku ya nane tangu kompyuta ya pili ifike, mama alikuja akasimama mlangoni, amekumbatia majani makavu.

"Zimepita siku saba?" akauliza. "Yule kuku mweusi naye anatafuta mahali."

Nikapanda juu ya stuli, nikamshushia boksi.