Kidole cha Dada na Milima ya Wino

Wenzake darasani walipopangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye viwanda vya rangi na vya sabuni, yeye alipangiwa kugusa makaratasi. Ndivyo alivyowaeleza nyumbani, uso umemshuka, na mjomba wake akacheka mpaka akapaliwa na chai.

"Yaani usomee kemia miaka yote hiyo, halafu uende kupapasa maboksi?"

"Ni utafiti, Mjomba. Wanachunguza wino ukishachapwa, mtu akiugusa anahisi nini."

"Anahisi wino! Haya, kuanzia leo nakuita Msasa."

Jina likaganda. Hata dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na ambaye hakuwa mtu wa mizaha, alijikuta asubuhi yake akiita, "Msasa, utachelewa!"

Maabara ilikuwa chumba kirefu chini ya jengo la uhandisi, kinanuka karatasi mpya na spiriti. Aliyekisimamia alikuwa mtafiti mmoja mfupi, mkavu wa maneno, ambaye wanafunzi walimwita Mama Wino kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Siku ya kwanza hakumpa Msasa koti wala maelezo. Alimpa kadi mbili nyeusi.

"Zina tofauti gani?"

Msasa akazigeuza kwenye mwanga wa taa. "Sioni tofauti."

"Nani kakwambia uone? Funga macho. Usibonyeze, telezesha kidole."

Akatelezesha. Kadi ya kwanza ilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Ya pili ikamng'ang'ania kidole kidogo, kama meza iliyomwagikiwa soda ikafutwa vibaya. Akafumbua macho haraka, akidhani amebadilishiwa. Kadi zilikuwa zile zile, nyeusi tii.

"Karatasi moja, wino mmoja," Mama Wino alisema. "Ila hii ilikaushwa kwa joto zaidi. Sasa njoo huku."

Akamkalisha mbele ya hadubini. Msasa alitazamia kuona weusi mtupu. Alichokiona kilimfanya asahau kupumua. Kulikuwa na milima pale, na mabonde, na nyuzi za karatasi zilizolala hovyo kama kamba za meli chini ya tope jeusi linalong'aa. Kitu alichokidhani bapa kama kioo kilikuwa nchi nzima. Alipoambiwa kwamba mlima mrefu kuliko yote pale haufikii hata unene wa unywele mmoja, akainua kichwa, akakitazama kidole chake cha shahada kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Hiki ndicho kimepita juu ya vyote hivyo?"

"Hicho hicho. Na kimekuletea habari." Kwa mara ya kwanza Mama Wino alitabasamu.

Kuanzia hapo Msasa hakulalamika tena. Kulikuwa na mtambo wenye kidole bandia cha mpira, uliokokota kadi na kuchora mistari ya msuguano kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuulisha kadi. Mchana walikuja watu wa kujitolea. Walikaa mbele ya pazia, wakapenyeza mkono upande wa pili, wakagusa wasichokiona na kusema: laini, inanata, ina chembechembe, kama velveti, kama tumbo la samaki. Kampuni ya vifungashio ilitaka kujua maboksi ya dawa yachapweje ili mkono usiyakatae. Msasa alikuwa ameshasahau kampuni. Yeye alishangazwa na nyuso za watu. Wakigusa, walinyamaza wote kwa namna moja, kama wanaosikiliza mtu akinong'ona chumba cha pili.

Siku moja alisahau simu nyumbani, na adhuhuri dada yake akamletea. Ikawa mtu aliyekuwa na miadi hakutokea, na kiti kiko wazi.

"Dada, kaa ujaribu. Kwa kujifurahisha tu."

Dada akakaa, akapenyeza mkono wa kushoto. Mama Wino, aliyekuwa akipanga kadi, akasema, "Wengi hutumia wa kulia."

Mkono wa kulia wa dada ulikuwa na kovu kuanzia ncha za vidole hadi kiganjani. Alikuwa bado msichana mdogo alipolizuia sufuria la mafuta ya moto lisimwangukie mtoto aliyekuwa akitambaa chini ya meza. Mtoto huyo alikuwa Msasa. Jambo hilo nyumbani halikuzungumzwa. Kila mtu alilizunguka kama shimo la njiani.

"Huu ni pambo tu, mwalimu," dada alisema, akiuinua bila haya. "Nimeshika hata kikombe cha moto bila kujua. Vidole hivi vilikufa zamani."

"Samahani, mama. Sikujua. Si lazima."

Lakini dada hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Akapenyeza mkono wa kulia. Msasa akamwekea kadi yenye vanishi ya mistarimistari, ambayo macho hayaioni mpaka uiinamishe sana. Dada akabonyeza. Akatikisa kichwa. "Si nilisema?"

"Usibonyeze, Dada. Telezesha. Polepole."

Kidole kikaenda. Kikasimama. Kikarudi kilikotoka, kikaenda tena. Mdomo wa dada ukaachama.

"Inatetema," alinong'ona. "Msasa, kuna kitu kinatetema. Huku ndani, mfupani."

Mama Wino aliacha kadi zake. Akasogea taratibu, akaeleza kwamba kovu huweza kuua hisia za juu ya ngozi, lakini ndani zaidi vipo vipokezi vinavyosikia mtetemo, na huenda vya dada havikuwahi kufa. Vilikosa tu wa kuvipigia hodi.

Dada hakusikia nusu ya maneno hayo. Alikuwa anatelezesha, machozi yanamtiririka, halafu akacheka. "Lete nyingine. Lete zote!"

Msasa alilia pia, kisha akafuta uso na kwenda kuleta.

Jibu lile halikuingizwa kwenye ripoti. Mama Wino alikataa katakata. "Mtu mmoja aliyekuja kuleta simu si ushahidi," alisema. "Lakini ni swali zuri kuliko letu." Wakaliandika swali hilo kwa adabu zake zote, wakaomba kibali cha kuwaalika watu wenye makovu ya moto. Kampuni ilichukua matokeo ya maboksi ikaondoka imeridhika. Kibali kilichelewa, kikaja muhula uliofuata, na Msasa akarudi maabara kama msaidizi wa utafiti.

Wa kwanza kuingia alikuwa dereva mstaafu, mtu wa maneno mengi, viganja vimekunjamana kwa moto wa injini. Alitania mlangoni, akatania akivua kofia, akatania hata mkono ulipopita pazia.

Msasa akaweka kadi. Kidole kikaanza kwenda, na yule mzee akanyamaza.