Mjane wa Eda na Ngazi Iliyong'olewa Kariakoo

Saa mbili asubuhi, debe la maji linapanda kwa kamba nyuma ya duka la Salem bin Sheikhan, Kariakoo. Linagonga ukuta, linamwagika robo, linaendelea kupanda. Juu dirishani mikono miwili ya mwanamke inalipokea na kulivuta ndani.

Mikono hiyo ni ya Kuruthumu binti Safari, mdarizi wa kofia, mpangaji wa chumba cha ghorofani. Maji yake hupanda kwa kamba kwa sababu ngazi hakuna. Mwenye nyumba, Salem huyohuyo, ameing'oa.

Wala haikuoza. Mbao zake zimelazwa uani, nzima kabisa, kuku wanazilalia.

Mumewe, Mwinyimvua, hamali wa bandarini, alifariki katika chumba hicho Machi mwaka huu wa 1936. Mjane akaingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke katika nyumba aliyofiwa. Salem anayajua hayo vizuri kuliko mwandishi wa habari hii. Kwenye hitima alikaa papa hapa uani, akala ubwabwa wa marehemu, akaitikia dua.

Wiki haikuisha, akapata mtu wa kumlipa shilingi ishirini kwa mwezi badala ya nane, na kilemba juu yake, yaani fedha ya kutiwa mkononi kabla ya kukabidhi ufunguo. Akamtaka mjane akamalizie eda kwa kaka yake Jangwani. Mjane akakataa. Basi akaleta seremala.

"Aliniambia, binti Safari, shuka leo, kesho hakuna ngazi," anasimulia Kuruthumu. Hatumwoni. Yeye yuko nyuma ya pazia la dirisha, nasi tuko chini uani, kama inavyostahili kwa mtu wa eda. "Nikamwambia, bwana Salem, ing'oe. Kwani mimi nakwenda wapi?"

Hapo ndipo tajiri alipojikwaa. Alimtishia kwa ngazi mwanamke ambaye kushuka kwenyewe haruhusiwi. Mtaa mzima ukacheka mpaka kushika mbavu.

Kuruthumu hacheki. "Wanaocheka wako chini," anasema. "Juzi nimeshikwa na homa, mganga kasimama hapo ulipo ananiuliza kwa makelele naumwa wapi, na wapita njia wanasikiliza. Hiyo ndiyo heshima ya mfiwa?"

Jirani yake, Siti, hukaanga vitumbua uani. Ndiye anayefunga debe, ndiye anayepokea kofia zikishushwa kwa kikapu na kuzipeleka kwa wanunuzi. "Bahati choo kiko hukohuko juu," anasema, akivigeuza vitumbua kwa hasira. "La sivyo yule bwana angemdhalilisha mwenzetu mpaka basi!"

Kofia moja humchukua wiki mbili na humpa shilingi sita. Kodi hajapata kuichelewesha. Mwezi huu aliishusha kwenye kikapu, Salem akakirudisha bila kuigusa.

Tulimfuata dukani. "Nani kamfukuza?" akauliza, akipima pishi ya mchele. "Natengeneza ngazi yangu. Na yeye si yuko eda? Ngazi ya nini?" Akacheka.

Mwandishi hakucheka. Mtu anayeigeuza dini kuwa kufuli ya kumfungia mjane hana haya. Na wale wanaokaa barazani kwake kila jioni, wakinywa kahawa yake bila kumwambia hivyo, hawana haya vilevile.

Sasa Salem anaingoja siku ya kutoka eda. Siku hiyo wanawake humwogesha mjane, humvika nguo mpya, humtoa nje. Hesabu ya Salem ni kwamba akishashuka, hapandi tena.

Kuruthumu ameijua hesabu hiyo. Fedha ya kofia mbili amempa Siti, na Siti amekwisha kuagiza kwa seremala wa Gerezani ngazi nyepesi, ya kuinuliwa na mtu mmoja.

"Nitashuka, nioge, nivae, niende sokoni nikajichagulie nyuzi mwenyewe," anasema. "Kisha napanda kwangu, naivuta ngazi yangu ndani. Kodi yake ataipata, mimi si mwizi. Ila akitaka kuja juu, apige hodi huko chini, aniombe ngazi."