Nilivyoitwa Kisesa kumzuia binti wa kaka asiende kusomea jeti za galaksi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mtaona kwamba sikutoka vizuri.

Nina miaka arobaini na kitu, form four. Kwetu ni Kisesa. Nilitoka baada ya shule nikaanza kuzunguka: Geita, Bukoba, Musoma. Sasa niko Misungwi, nachomelea mageti. Kila nikifika mahali nakumbuka nilikotoka. Ndivyo nilivyo.

Majuzi kaka yangu Masanja akapiga simu.

"Njoo Jumapili. Minza kapata nafasi ya kusoma nje na mama yake hataki kusikia. Umwambie kuzurura kulivyokufanya."

Yaani naitwa kama mfano mbaya. Nikavaa shati zuri, halafu nikawaza labda linaharibu mfano. Nikaenda nalo.

Minza ni binti yake wa kwanza, anafundisha fizikia sekondari moja huko Magu. Nilimkuta sebuleni na laptop.

"Shikamoo baba mdogo. Umekuja kunizuia?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Basi kwanza uone unachozuia."

Akanionyesha galaksi za redio. Zinatoa mawimbi ya redio kwa wingi, ila hazina taarifa ya habari wala salamu. Katikati kuna shimo jeusi, na karibu nalo inachomoka jeti, mkondo mwembamba wa chembe zinazokwenda mbali kuliko galaksi yenyewe. Alizozichagua yeye anaziita za jirani. Mwanga wake unatumia mamilioni ya miaka kufika hapa. Jirani.

Akasema anazichunguza kwa picha za X-ray. Nikauliza nani anazipiga. Akasema hakuna, zinatoa zenyewe, darubini iliyo angani inapokea tu.

Kwenye picha jeti ilikuwa na madonge yanayong'aa, mengine mbali kabisa na katikati.

"Chembe zinazotoa X-ray huishiwa nguvu haraka," akasema. "Hizi za mbali zilipaswa kuwa zimezimika. Maana yake zimeongezewa nguvu njiani. Nataka kujua na nini."

Nilimkumbuka mama mmoja wa Musoma aliyenilisha mwezi mzima nikiwa sina kazi. Jina lake limenitoka.

Baada ya chakula tukakaa wanne. Kaka akanipa nafasi niseme. Nikasema picha ni nzuri.

"Tumekuita uwe mfano, umekuwa wakili," akasema shemeji, huku anachambua mchele.

Kaka akamgeukia binti yake. "Hiyo jeti huwa inarudi ilikotoka?"

Shemeji akaacha kuchambua. Mimi nilikuwa tayari kusema inarudi.

"Hapana baba. Hairudi."

"Na wewe?"

"Likizo nitakuja. Kurudi kuishi hapa, sijui."

Kaka akanitazama mimi. "Unasikia? Huyu kasema hajui. Wewe kila mwaka unaniambia mwakani narudi, na mimi kile chumba chako nafagia."

Kisha akasema, "Nenda, Minza." Shemeji akaurudia mchele wake, macho chini.

Wakati naondoka nikamwambia, "Kaka, kile chumba weka mpunga."

Akasema sawa.

Juzi kanitumia picha. Magunia hadi dirishani. Kitanda changu kakisimamisha ukutani, hajakitoa.

Nilichojifunza: ukweli wa "sijui" unawapa watu wa nyumbani pumziko kuliko ahadi tamu ya kila mwaka.

Wenzangu mlio mbali na kwenu, nyumbani huwa mnawaambiaje? Andikeni hapo chini, hata mkinisema.