Jina la Shangazi Zena Limefika Jikoni

Enzi zetu intaneti ilikuwa mahali unapokwenda kwa baiskeli, umempakia mwenzio kwenye keria. Kama nawe ulikulia Tanga miaka ile ya kafe, unanielewa. Chumba kimoja Ngamiani, feni inanguruma, kompyuta zina visogo, na pazia mlangoni la kuzuia vumbi. Tulikuwa tukitoka kwenye michezo yetu ya rede na kombolela tukitiririka jasho, vidole vinanukia machungwa ya Muheza, na Kaka Salehe mwenye kafe anatufukuza kwanza tukanawe. Ndiye aliyetufundisha, mimi na binamu yangu Mwanaidi, kutengeneza kurasa za wavuti; sisi tukimfagilia kafe. Wallahi, siku ya kwanza nilipoandika mstari na kioo kikanijibu, nilipiga ukelele hadi mteja aliyekuwa akimwandikia mchumba wake akalazimika kuanza upya.

Mama yake Mwanaidi, Shangazi Zena, alikuwa na vibanda vya makuti vya wageni kule Ushongo. Wageni walikuwa haba, na kaka zake wawili, baba yangu na baba mkubwa, walishachoka kuliona eneo la familia limekaa bure. Walitaka liuzwe. Shangazi akaomba asubiriwe mpaka mwisho wa likizo yetu, tumaini lake lote akaliweka kwetu, watoto wa kidato cha pili. Alitaka ukurasa ambao mgeni akiandika jina lake na chakula anachokipenda, unamjibu "Karibu, fulani," na ujumbe unafika jikoni kwake. Mgeni asiyetajwa jina, alisema, ni mzigo tu umeshushwa.

Hapo ndipo tulipokwama. Ukurasa wetu ulikuwa ukipikwa kwenye seva, kompyuta iliyoko mbali huko. Seva inachukua kigezo tulichoandika, inajaza nafasi zilizoachwa wazi, kisha inautuma ukurasa mzima ukiwa umeiva. Brauza, pale kafe, kazi yake ni kuupokea na kuuonyesha. Jina la mgeni sasa lilikuwa likishikwa na skripti, yale maagizo yanayofanya kazi ndani ya brauza ukurasa ukishafika. Sisi tukaandika kwenye kigezo: hapa weka jina lililoshikwa na skripti. Tukabonyeza. "Karibu," na mkato unaning'inia, jina hakuna. Tukafuta, tukaandika upya, tukazima, tukawasha, Mwanaidi akaisomea mashine Ayatul Kursiy. Patupu. Kaka Salehe mwenyewe kashavuka mpaka wa Horohoro kufuata vipuri Mombasa.

Siku ya mwisho ya likizo baba mkubwa akaja kwetu kula chakula cha mchana, na maneno yake ya kuuza kayaweka mdomoni tayari. Shangazi ndiye aliyepika. Kwetu wanaume hula barazani, wanawake wako uani na masufuria yao, na anayekwenda na kurudi ni mtoto. Nilibeba sinia la pilau lililofunikwa kawa, lile la ukili lenye rangi rangi, na chini yake Shangazi kaficha pembeni kipande cha ini alichomtengea baba mkubwa. Baba mkubwa akaonja, akasema pilipili imezidi, aletewe mtindi. Mimi na uvivu wangu nikapaza sauti palepale barazani: mtindi. Kimya. Nikapaza tena. Ikabidi niende, nimenuna, na Shangazi hata hakugeuka.

"Sinia likishatoka hapa, ya huko mbele mimi siyajui," akaniambia. "Ukitaka kitu njoo mpaka mlangoni, uniambie, usubiri nikupakulie kingine. Na mimi nikiwa na langu la kumpa mtu, naliweka chini ya kawa. Akifunua atalikuta."

Jamani! Bakuli la mtindi nikaliacha hapo hapo, nikamvuta Mwanaidi, baiskeli haikugusa breki mpaka kafe. Jikoni ni seva! Barazani ni brauza! Skripti ilitakiwa ilibebe jina, irudi mlangoni kwa seva na ombi jipya, kisha isubiri jibu lililopikwa likiwa na jina ndani. Na seva nayo ikiwa na lake la kuiambia skripti, kwa mfano vibanda gani viko wazi, inaliweka ndani ya ukurasa wenyewe, mahali mgeni hapaoni, skripti ifunue ilikute. Likizo nzima tulikuwa tukipiga kelele barazani.

Baada ya alasiri tukawaita wakubwa kafe. Baba mkubwa akasimama kafunga mikono, bado ana kinyongo cha mtindi. Shangazi akaketi, akatafuta herufi za jina lake kwa kidole kimoja, akabonyeza. Karibu, Zena. Akasoma kwa sauti, akakigusa kioo.

"Limefika," akasema.

Baba mkubwa akakohoa. Akasema basi, apewe msimu mmoja. Vibanda vile havijauzwa mpaka leo.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa, Mungu awaweke, wana mitambo ya kuwaandikia kila kitu, na wakikwama wanakwama palepale: wako barazani wanakipigia kigezo kelele. Nikiwaambia waende mlangoni wabishe hodi, wananitazama kama nimepitwa na wakati. Watajulia wapi kawa, na chakula chao kinaletwa na bodaboda ndani ya boksi? Kurasa za siku hizi zinanitaja jina kabla sijabisha hodi, na nani kaziambia sijui. Zamani kutajwa jina kulikuwa raha.

Shangazi alitutoka mwaka jana. Mwanaidi ndiye anayeendesha vibanda, na ukurasa tumeupamba upya, ila pale pa kuandika jina hatujapagusa. Juzi nilikuwa nimekaa peke yangu nikaufungua kwenye simu. Nikaandika Zena, kwenye chakula nikaandika pilau. Karibu, Zena, ukanijibu.

Haukupita muda Mwanaidi akanipigia kutoka Ushongo. Ujumbe umeingia jikoni, akasema, kuna mgeni anaitwa Zena.

"Nipike?" akauliza.

Nikamwambia apike, niko njiani.