Mtu Aliyetufuata Athene

Mama hakuniambia niende kupeleleza. Alisema tu kwamba kwa kuwa shule zimefungwa na viza nimepata, nikamwone mdogo wangu, nikae naye vizuri, na nikirudi nimweleze nyumba anayolala ina madirisha mangapi. Tulikuwa tumeketi nje kwake Keringet tukichagua viazi vya mbegu, na hilo la madirisha alilisema bila kuinua macho. Nilimwelewa.

Mdogo wangu alikuwa ameishi Ugiriki miaka kadhaa, akimtunza bikizee mmoja nyumbani kwake, na muda wote huo hakuwahi kutuonyesha chumba chake kwenye simu. Tukipiga video tulimkuta barabarani, au bustanini, au amesimama mbele ya ukuta mweupe. Mama aliuchunguza ukuta ule mpaka akaamini ni wa mahali watu wanapofungiwa. Redioni alikuwa amesikia ya wasichana wanaonyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi bila kulala. Na kabla mdogo wangu hajaondoka alikuwa amemkanya, mbele yangu, asije akamletea mzungu nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa dini Nakuru, na ninaishi kwenye SQ, vile vyumba vya nyuma, katika boma la watu huko Milimani. Kwa hiyo najua ilivyo kulala kwenye kiwanja cha wenyewe na kuomba ruhusa mgeni akija. Mdogo wangu aliponiambia kwamba kwake wageni hawaruhusiwi, nusu yangu ilimwamini. Nusu nyingine ilikuwa ya mama.

Safari yenyewe ilikuwa ya kujibana. Nilichukua tiketi ya bei ya chini kabisa, ile inayokulaza sakafuni kwenye uwanja wa ndege wa Waarabu, na begini nilibeba unga wa ugali, majani chai na chapati nilizozikausha kidogo ili zisiharibike. Kila meza ya uhamiaji niliyopita niliulizwa ninakwenda kufanya nini. Nilijibu kwamba nataka kuona mahali Mtume Paulo alipohubiri, na kila aliyesikia jibu hilo alinitazama kama mtu anayeuziwa simu ya wizi.

Mdogo wangu alinipokea kwa machozi. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi inang'aa, na viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijiuliza ni nani amemnunulia viatu. Alinipeleka kwenye hosteli ya vijana wanaosafiri na mabegi ya mgongoni, chumba cha vitanda vya kupanda ngazi, nikalala juu ya msichana ambaye sikujua anatoka wapi, pasipoti yangu nikiwa nimeifunga tumboni kwa leso.

“Si ningelala hata jikoni kwako,” nilimwambia.

“Mwalimu, nilikueleza. Haiwezekani.” Ameniita mwalimu tangu nilipotoka chuoni, akitaka kunitania au akitaka nisiendelee kuuliza.

Kesho yake tulianza na mahali pasipo na kiingilio. Areopago, ambayo nimeichora ubaoni miaka na miaka kama kilima chenye ukumbi juu yake, ni jiwe tupu. Hakuna ukumbi, hakuna kiti, hakuna hata kibanda. Ni mwamba mkubwa uliosuguliwa na viatu vya watu mpaka ukawa unateleza kama sabuni, na wageni wote walikuwa wameupa mgongo ili wapige picha ya mahekalu yaliyo juu zaidi, ambayo siku hiyo hatukuwa na mpango wa kuyalipia. Nilikaa chini kwa kuogopa kuanguka, tukala chapati. Niliwaza jinsi Paulo alivyosimama hapo akitazamwa na watu waliodhani amekuja kuwauzia kitu.

Hapo ndipo nilipomwona mzee wa kofia. Alikuwa ameketi mbali kidogo, kofia ya kahawia ya kitambaa, koti limefungwa vifungo vyote, akimenya chungwa. Wengine wote walitazama mji. Yeye alitutazama sisi, na macho yetu yalipokutana akarudi haraka kwenye chungwa lake.

Jumapili ya kwanza ya Novemba magofu ya serikali yanaingiwa bure, na mdogo wangu alikuwa ameipangia siku hiyo tangu nikiwa Nakuru. Tulikwenda makaburini, Kerameiko, mahali ambapo watu wa zamani walizikana nje ya ukuta wa mji wao. Nilipapenda kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na nyasi na kijito, na kobe mmoja alivuka njia mbele yetu bila haraka, akaingia chini ya kaburi la mtu aliyekufa kabla Yesu hajazaliwa. Kwenye jiwe moja alichongwa mwanamke ameketi, na mbele yake mtumishi wa kike amesimama akimshikia kisanduku. Niliutazama uso wa mtumishi yule muda mrefu. Nilitaka kujua kama alilala vizuri, na nani aliyeweka funguo.

“Unamwona nani hapo?” mdogo wangu aliuliza.

Nikamwambia ninamwona yeye. Simu yake ikatetemeka, akasogea pembeni, akaongea Kigiriki kwa sauti ya chini huku amenipa mgongo. Nilimfuata kwa macho, na nilipogeuka, mzee wa kofia alikuwa kwenye benchi nyuma ya ukuta. Kofia ile ile, koti lile lile. Na yeye alikuwa anarudisha simu mfukoni.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba tunafuatwa. Alitazama benchi, akacheka kicheko kisichofika machoni, akasema Athene imejaa wazee wenye kofia na hakuna wanachofanya isipokuwa kukaa. Kisha akaanza kunieleza kuhusu kobe. Nimefundisha watoto miaka mingi. Ninajua mtu anapobadilisha mada.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Mama alipopiga nilimwambia mahekalu ni mazuri. Akauliza madirisha. Nikasema bado. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nikiona mambo hayaeleweki, nimshike mdogo wangu mkono twende nyumbani, hata bila nguo zake. Nilipokata simu tayari nilikuwa na hadithi nzima kichwani: mzee ni mlinzi, ametumwa na wenye nyumba kuhakikisha mdogo wangu hatoroki, na kila anakokwenda lazima ampigie kutoa taarifa.

Siku ya tatu ya matembezi yetu tulipanda basi la kawaida kwenda Elefsina, nje ya mji. Zamani watu walitembea kwa miguu njia hiyo kwenda kwenye hekalu la mungu wa kike wa mavuno, na mambo waliyoonyeshwa humo hakuna aliyeruhusiwa kuyasimulia. Siku hizi ni mji wa viwanda. Unashuka kati ya karakana na maduka ya vipuri, unapita mashine za saruji, na mara unakuta nguzo zimelala kwenye majani, nyuma yake bahari yenye meli za kutu. Palinikumbusha eneo la viwanda kwetu Nakuru, kama mtu angelichimba akakuta Biblia chini yake.

Mzee alikuwa kwenye basi lile. Alipandia mlango wa nyuma, akashukia mlango wa nyuma, na nilimwona kwenye kioo cha duka akijifanya anasoma bei za matairi. Tuliingia magofuni, tukapanda ngazi za mawe, na mdogo wangu alipoinama kusoma maandishi ya kibao nilirudi nyuma na kuzunguka ukuta. Kuna pango pale, dogo, ambalo walisema ndilo mlango wa kuzimu. Mzee alikuwa amesimama mbele yake akitafuta tulikokwenda.

Nilikuwa nimeshika chupa ya chuma ya maji. Nilimuuliza kwa Kiingereza kwa nini anatufuata. Nilimwambia yule ni dada yangu, ana watu wake, na mimi nimekuja kumchukua.

Alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara uliochomwa na jua. Alifungua mdomo, akafunga, akajaribu tena, polepole, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa.

“Shemeji,” alisema kwa Kiswahili. “Habari ya safari.”

Mdogo wangu alitufikia akihema. Alimwambia mzee maneno makali ya Kigiriki, mzee akajibu kwa unyonge, kisha wote wawili wakanitazama mimi na chupa yangu.

“Ni mume wangu,” alisema. “Bibi niliyekuwa namtunza alikuwa mama yake. Alikufa mwaka juzi. Tumefunga ndoa.”

Niliketi kwenye jiwe, sijui la nini, pengine la madhabahu. Aliniambia mengine akiwa amesimama. Alikuwa amemwomba mumewe akae mbali mpaka nitakapoondoka, lakini mzee hakuvumilia. Alitaka tu kuona ndugu wa mkewe anafanana vipi, kwa kuwa hajawahi kumwona hata mmoja. Kule makaburini ndiye aliyekuwa akimpigia, amuulize kama nimependa kobe.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungemwambia mama. Amekutuma, si ndiyo?”

“Amenituma.”

“Nilijua siku ile uliponiambia unataka kuona magofu. Lini umependa mawe?”

Nilimtazama mzee, ambaye alikuwa ameshika kofia kifuani kama mtu aliye msibani, na bado sikumwamini. Ndoa inaweza kuwa mlango mwingine tu wa kufungiwa. Nilimuuliza mdogo wangu pasipoti yake iko wapi. Akafungua mkoba, akanipa. Nilikagua kila ukurasa mbele yao wote wawili, nikalinganisha uso na picha. Nilimuuliza anayeshika funguo za nyumba ni nani. Akatoa funguo. Mzee, alipotambua kinachoendelea, alitoa zake pia na kuziweka juu ya jiwe.

Jioni hiyo nilihama hosteli. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kushonea mapazia, na madirisha niliyahesabu nikiwa bado na koti. Nilifungua kabati la nguo. Nilitazama bafuni kama kuna miswaki miwili. Mdogo wangu alinifuata chumba kwa chumba, mikono kiunoni, akiniuliza kama ningependa kuangalia na chini ya kitanda, na nikaangalia. Ukuta mweupe ulikuwa wa veranda, wenye kamba ya kuanika nguo. Jikoni mzee alikuwa akisonga ugali kwa unga wangu, vibaya sana, mabonge mabonge, na alipoona ninautazama alisema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba mke wake huula hivyo hivyo na hajalalamika. Mdogo wangu akasema kwa Kiswahili, ili yeye asielewe, kwamba hulala na njaa siku hizo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike tulicheka pamoja.

Kumwambia mama ilikuwa kazi yangu. Nilimpigia asubuhi, video, na kwanza nikamzungusha kwenye vyumba vyote. Kisha nikamwambia. Aliuliza mtu huyo ana umri gani. Nikamwambia. Akauliza kama anakunywa. Kidogo, nikasema, mvinyo na chakula. Akaomba apewe simu azungumze naye mwenyewe, na mzee, ambaye alikuwa amevaa tai kwa ajili ya shughuli hiyo, akasema maneno yake yote ya Kiswahili kwa mfululizo hadi yakaisha.

“Aje,” mama aliniambia baadaye. “Mimi sitoi mtoto kwa simu.”

Alikuja na mdogo wangu mwaka uliofuata, wakati wa mvua, na gari la kukodi lilikwama kabla ya kufika Keringet, wakamalizia safari kwa miguu kwenye tope. Mama alimkaribisha kwa maziwa na maswali. Alimtazama akila, akamtazama akitembea shambani, akamwachia jembe kusudi aone atafanya nini nalo. Wajomba zangu walikaa naye kikao ambacho sisi wanawake hatukuingia, na wakatoka wakisema anafaa. Mama hakusema kama anafaa.

Tangu warudi Athene, mama ana utaratibu wake. Siku moja moja humpigia mzee peke yake na kumuuliza jana mlikula nini, na mzee, ambaye Kiswahili chake sasa kinatosha mambo ya chakula, humjibu: samaki, viazi, mboga. Baadaye, bila kueleza, humpigia mdogo wangu na kumuuliza hilo hilo. Mpaka sasa majibu yanafanana. Mama anasema bado ni mapema.