Ng'ombe Waliomo Kwenye Magunia ya Pamba

"Huyu? Hata ndama kumfunga kamba hawezi, atafunga gunia la pamba?"

Ndivyo alivyosema baba mdogo mbele ya watu niliporudi Ngulyati kutoka Mwanza na diploma yangu ya biashara. Wengine wakadakia kwamba mla chakula cha hoteli hatamaliza msimu mmoja kwenye vumbi la kituo cha ununuzi. Niliwaacha wacheke. Leo wanaopita Bariadi mjini na kuona ghorofa langu hawacheki.

Wakati ule soko lilikuwa limefunguliwa. Pamba haikununuliwa tena na ushirika peke yake. Benki walitaka hati ya nyumba, nami sikuwa na nyumba. Shangazi akanikopesha mitamba wawili. Mjomba akanipa fahali. Mjane jirani yetu akanipa ng'ombe wake pekee wa maziwa. Niliwauza wote mnadani, nikakata kibali, nikanunua mizani, na kilichobaki kikawa mtaji. Nikianguka, ni wao watakaolala njaa, na mimi sitaonekana tena pale kijijini.

Vyama vingi navyo vilikuwa vimeingia. Chama cha zamani kilisema soko huria ni sera yake, ila mnunuzi awe na mtaji mkubwa ili mkulima asitapeliwe. Chama kipya kilisema hayo ni maneno ya matajiri wa viwanda. Kikishinda, hata mwenye mizani moja atanunua bila ushuru. Maneno matamu kote kuwili. Mimi niliwapima kwa matendo. Katibu wa chama cha zamani alikuja kuniambia nishushe bei, kwa kuwa tajiri aliyewapa lori la mikutano alikuwa akinunua kwa bei ya chini. Katibu wa chama kipya akaja kuniambia nipandishe, halafu nitangaze kwamba ni wao walionituma. Hakuna aliyeuliza kama mkulima analipwa lini. Kwangu alilipwa papo hapo, ndiyo maana foleni ilikuwa kwangu.

Siku ya gulio, vyama vyote viwili vilifanya mikutano. Vijana wa chama cha zamani walitangulia kituoni na fimbo, katibu wao nyuma.

"Shusha mizani, mlanguzi wewe!"

"Kibali hiki hapa."

"Kikaange ukile!" mmoja akajibu, akanitandika fimbo ya sikio.

Wa chama kipya wakaja mbio na katibu wao, wakipiga kelele kwamba wananilinda. Walinilinda kwa kubeba magunia. Wakakutana juu ya pamba yangu, wakapigana. Mtu mmoja alipigwa jiwe la mizani mdomoni, akatema meno kwenye lundo la pamba safi. Damu ilikuwa ikinitoka sikioni, lakini nikawaza: hiyo sasa ni fifi, daraja la pili. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Nikapiga mwano.

Kwetu Usukumani mwano ni yowe la kuwaita sungusungu, walinzi wa jadi. Anayelisikia huacha jembe, huchukua rungu na upinde, hukimbia bila kuuliza. Lakini hupigwa kwa wizi wa ng'ombe au kwa mauaji tu. Anayelipiga bure huchapwa yeye. Wale waliokuwa wakipigana hawakulisikia hata kidogo, mpaka mashamba yote yakamwaga watu.

Sungusungu hawakuuliza chama. Waliwaketisha wote chini, fulana na kofia za vyama zikavuliwa, zikatupwa lundo moja. Aliyejaribu kukimbia alivunjwa mkono kwa rungu. Mfupa ulilia kama bua kavu la mtama. Kiongozi wao, mzee mfupi mwenye sauti nzito, akasimama katikati.

"Nani kapiga mwano?"

"Mimi, baba."

"Ng'ombe ziko wapi?"

Nikayageukia magunia. Baba mdogo akasikika kwenye umati: "Si niliwaambia? Huyo hajui hata mwano ni wa nini. Mlazeni!"

Wanaume wawili wakanilaza kifudifudi. Fimbo ilikuwa imeshainuliwa.

"Ng'ombe ndizo hizi!" nikapiga kelele, nikinyoosha mkono kwenye magunia. "Mitamba ya shangazi imo humu. Fahali wa mjomba yumo. Ng'ombe wa huyu mama ndiye hii mizani. Waulizeni wenyewe!"

Mjane akajitokeza, kanga kiunoni. "Kweli. Wangu alikuwa mwekundu, pembe moja. Nani kamchukua?"

Kiongozi akamtazama, akayatazama magunia. "Mwachieni. Haya, mwekundu wa mama kaibiwa. Tafuteni."

Magunia yalirudi yote. Waliokutwa nayo na waliopiga watu walichapwa hadi ngozi ikachanika, wa chama cha zamani na wa chama kipya. Makatibu wawili walilazwa bega kwa bega, wakalia kwa Kisukuma kimoja. Sijaona tena vyama vile vikipatana hivyo. Sikugeuza uso. Nilichambua pamba yangu: safi huku, fifi kule.

Msimu uliofuata nililipa kila aliyenikopesha, na nilikataa kulipa kwa noti. Niliswaga ng'ombe kutoka mnadani mchana kweupe, nikawapitisha katikati ya Ngulyati. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Ng'ombe za nani hizo?"

"Hiyo ni pamba, baba mdogo."

Mjomba alipata fahali mnene kuliko wake. Mitamba wa shangazi walirudi na ndama nyuma. Nikamalizia kwa mjane. Alimzunguka ng'ombe mwekundu niliyemletea, akamshika kiwele, akampapasa kichwa.

"Ng'wanone, mwanangu, huyu siye. Wangu alikuwa na pembe moja."

"Hiyo ya pili ni riba, mama."