Aliyekalia Kiatu cha Mshambuliaji

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye kibanda cha chai pale Riruta Satellite. Mwenye kibanda alisema tu, "Ule mathe wa timu ametuacha. Ni presha." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi si mwepesi wa machozi. Siku hiyo nililia, chai ikapoa.

Mama huyo, mathe kama tulivyozoea kumwita, alikuwa msusi wa mtaa wa Kabiro, na kila Jumapili aliwakanda wachezaji wa timu yetu ya mtaa huo kama alivyoona mama yake akifanya huko Kitui. Mguu ukiteguka, anapaka dawa ya moto, anaukandamiza kwa vidole gumba, kijana anarudi uwanjani. Kisha, akiwa tayari na wajukuu, akajiunga na chuo kidogo cha mtaani kusomea huduma ya wanamichezo walioumia, darasa moja na vijana wa rika la wanawe. Siku za mwanzo tu mwalimu akawaeleza kwamba jeraha bichi halikandwi, linawekwa barafu na kupumzishwa. Jioni hiyo alikuja mazoezini akawaambia wachezaji, "Kumbe nimekuwa nikiwaumiza. Mnisamehe." Vijana wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Halafu ikaja nusu fainali kule Kibera, dhidi ya timu ya Ayany. Tulikuwa nyuma kwa bao moja mshambuliaji wetu alipogongana vichwa na beki akaanguka. Dawa ya kichwa katika viwanja vyetu inajulikana: maji ya chupa utosini, kofi la mgongoni, endelea. Mama alichuchumaa akamuuliza, "Leo tunacheza na nani?"

"Na wale wa Satellite," akajibu. Hao tulicheza nao wiki iliyotangulia.

Mama akamfungua kamba, akamvua kiatu kimoja, akakikalia.

"Mathe, wacha arudi bana, tunachapwa," nahodha akamsihi.

"Harudi."

"Tukitolewa ni juu yako."

"Iwe juu yangu. Kichwa ni chake."

Tulitolewa. Mashabiki wetu walimzomea mpaka barabarani, na Jumapili iliyofuata timu ikawa na mkandaji mwingine, mwenye dawa ya moto. Mshambuliaji mwenyewe aliacha hata kumsalimia. Mama aliendelea kuja, akisimama nyuma ya goli na mfuko wake wa barafu ukiyeyuka. Amekufa bila kuitwa tena, na jambo hilo linaniuma.

Nadhani tulitarajia chuo kimfundishe kuturudishia wachezaji haraka zaidi. Huku kwetu kujikaza ndiyo sifa. Mtu anaamka na homa anaenda kubeba mawe mjengoni, maana asipoenda hakuna chakula, na sote tunamwita mwanaume. Hatuna mazoea na mtu wa kutuambia tukae chini. Yeye alisomea kazi hiyo, na akaifanya mbele ya watu aliowapenda, akijua watamchukia.

Jumapili hii tulisimama kimya kidogo kwa heshima yake, kisha mechi ikaanza. Kipindi cha pili beki wetu akaangukia kichwa. Mkandaji akakimbia na chupa ya maji, lakini yule mshambuliaji wetu alishafika, amepiga magoti. "Leo tunacheza na nani?" Beki akamtazama tu. Mshambuliaji akamvua kiatu, akakikalia, akajifuta macho kwa jezi. Hakuna aliyezomea.

Nilitazama nyuma ya goli, na hapakuwa na mtu. Anayekuzuia kwa kukujali mshukuru mapema, angali anaweza kukusikia.